Bluu ya Peugeot ya Jean-Claude

Numbi alikuwa fundi wa rangi za magari, na Likasi nzima ilijua kwamba nusu ya sifa zake ni za mkewe. Yeye alikwangua kutu, akasawazisha bati, akapuliza rangi kwa pistole, bomba la kupulizia. Lakini kuchanganya rangi mpya hadi ifanane na ya zamani ilikuwa kazi ya Suzanne, mama wa mtoto wao Providence, mwanamke aliyeuza vitenge sokoni tangu usichana wake na macho yake hayadanganyiki. Mwaka ule wa 1994 viwanda vilikuwa vimezimika na kopo jipya la rangi halikuonekana mjini. Suzanne alichanganya masalio ya makopo yasiyojuana, na kiraka kikapotea mlangoni mwa gari, ukitafute usikione.

Basi asubuhi moja ikaingia uani Peugeot ya bluu, na ndani yake Jean-Claude.

Huyu ndiye aliyemchumbia Suzanne kabla ya Numbi, enzi hizo gari hilohilo likiwa jipya. Wazee hawakupatana, mambo yakavunjika, akahamia Kolwezi. Sasa alikuwa amerudi, amenawiri, na shati lake limepigwa pasi wakati watu wazima walishindia bukari, ule ugali wa huko, bila mboga. Chini ya mlango wa gari lake palikuwa na kutu ya ukubwa wa kiganja. Numbi alimwonea wivu shati, akamwonea wivu gari, akamwonea wivu hata kutu yake.

"Vieux Numbi, jambo," Jean-Claude alisema. "Banasema kwa mambo ya couleur hakuna batu kama weye na mama Providence. Mama iko wapi?"

"Iko mugonjwa."

Mgonjwa gani! Suzanne alikuwa ndani akichambua maharagwe, mzima wa afya. Numbi aliingia, akavuta pazia la dirisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii kazi nitafanya peke yangu. Weye ubakie mu nyumba kila mara atakuja."

"Baba Providence, hii kazi tunafanyaka babili, minye na weye."

"Nimesema."

Akachanganya peke yake. Rangi mbichi ilimdanganya: ilipokauka ilikolea zaidi, kiraka kikakaa mlangoni kama kiraka cha suruali. Jean-Claude akarudi, akakitazama, akacheka kwa adabu. Numbi akakwangua, akarudia; safari hii ikatoka imepauka mno. Na kila kiraka kilipoharibika, Jean-Claude alikuja tena, akaketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, akapiga hadithi za Kolwezi kwa sauti nzuri na kicheko kirefu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Numbi aliyetaka mtu huyo apite upesi, ndiye aliyekuwa akimwalika.

"Franchement, vieux," Jean-Claude alisema mwishowe, "nitaipeleka kwa mwingine."

Maneno hayo yangefika sokoni kabla ya jua kutua. Numbi alimeza kiburi chake, akaingia ndani kumwita mkewe.

Suzanne hakumwacha abembeleze. Alimpa kopo, rangi imeshachanganywa, tayari.

"Piga hii."

Numbi alianzia kwenye kiraka, akaivuta rangi kando kwa kando, nyepesi na nyepesi zaidi, mpaka ukingo ukayeyuka ndani ya bluu ya zamani. Umeme, kwa bahati, haukukatika. Ilipokauka, kiraka hakikuwepo. Jean-Claude akampa mkono kwa furaha, akaondoka.

Numbi angepaswa kufurahi. Badala yake alisimama na lile kopo mkononi, wivu ukimpanda upya. Bluu ile haikuwa tena ile aliyoijua Suzanne siku za uchumba. Jua lilikuwa limeichujua, moshi na vumbi jekundu vimeila. Mtu asingeweza kuikumbuka. Ilibidi aitazame, tena kwa muda mrefu, mchana.

Akamfuata mkewe ndani.

"Hii couleur uliionea wapi?"

"Ku dirisha."

"Minye nilifunga rideau."

"Minye nilifungua." Suzanne aliweka ungo chini. "Huyu mwanaume nilikuwa nimeshamusahau, baba Providence. Weye ukanifungia mu nyumba, minye na dirisha tu. Ulitaka niangalie nini?"

Numbi aliliweka kopo chini.

"Ulikuwa unaangalia motokari tu?"

Mkewe hakuyakwepesha macho.

"Ku mwanzo, ndiyo," alisema. "Ku mwanzo nilikuwa naangalia motokari."