Dakika Mbili za Saa Tano

Wazungu wanasema vita vyao vya kwanza vilikwisha tarehe kumi na moja, mwezi wa kumi na moja, saa kumi na moja. Wanapenda kuitaja hivyo, kumi na moja mara tatu. Mimi tarehe hiyo naijua kwa mambo mengine mawili, yote ya shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, na yote nilikuwapo.

Kosa lilianza na saa. Mwaka 1935 meneja alimwambia nyapara wetu, Mwinjuma, kwamba siku hiyo ikifika saa kumi na moja watu wote wasimame kimya dakika mbili, wawakumbuke waliokufa vitani. Mwinjuma akatutangazia kama alivyosikia. Kwetu saa kumi na moja ni jioni, jua linashuka. Kwa mzungu ni saa tano asubuhi. Basi saa tano meneja akatoka ofisini, akavua kofia, akasimama peke yake katikati ya uwanja, na sisi tunapita na mizigo tukiimba. Mmoja akamwambia, "Bwana, pisha toroli." Alipomaliza kimya chake alimpiga Mwinjuma makofi mawili mbele ya wanawake waliokuwa wakianika nyuzi.

Makofi yale hayakumtoka Mwinjuma mwaka mzima. Mwaka uliofuata, siku moja kabla, alitukusanya.

"Kesho saa tano. Ya asubuhi, nyie washamba! Chuma cha kengele kikilia, ulichoshika achia, hapo ulipo simama, mpaka kilie tena. Nitakayemwona anatikisika, namtoa kambini, jioni atalala porini na mkewe."

"Na nzi akinitua puani, nyapara?" Fabiani akauliza.

"Mwache ale."

Tukacheka wote, isipokuwa Mikaeli, kaka yake Fabiani. Walikuwa wametoka Kang'ata, kule Handeni, kuja kutafuta kazi. Mke wa Mikaeli, Grasiana, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kurudi Kang'ata kwa miguu ni siku nne. Hayo ya kulala porini meneja hakuyasema. Mwinjuma aliyaongeza mwenyewe, lakini sisi tungejuaje?

Kesho yake, Jumatano, mimi na Fabiani tulikuwa tunasukuma toroli la majani ya mkonge, limejaa pomoni, tunapandisha kilima cha kiwandani. Mikaeli alikuwa hatua kumi mbele yetu, anafyeka kando ya reli. Mwinjuma yuko kwenye kona na kiboko chake. Chuma kikalia.

Niliachia. Tuliambiwa tuachie. Fabiani alitaka kulizuia kwa bega, toroli likamshinda, likaruka reli na kumlalia kifuani.

Hakupiga kelele, pumzi ya kupigia kelele hakuwa nayo. Alisema, "Kaka." Halafu, "Kaka, nyanyua."

Watu wanne wangetosha. Tulikuwa zaidi ya ishirini. Mikaeli alikuwa amekwisha kutupa panga, mikono ameinyoosha mapajani kama askari, mdomo wazi. Nikaona kisigino chake kinainuka. Mwinjuma akamnyooshea kiboko bila kusema neno, kisha akakielekeza kambini, upande wa nyumba za wenye wake. Kisigino kikarudi chini.

Fabiani alikwaruza mchanga kwa vidole kwa muda. Kisha akaacha.

Chuma kilipolia mara ya pili ndipo tukakimbia. Meneja naye akaja mbio, kofia bado mkononi, akashika toroli pamoja nasi. Alipouona uso wa Fabiani akageuka.

"Kwa nini hapana mtu nyanyua? Kwa nini?"

Mwinjuma akakaza mwili. "Tulikuwa tunawakumbuka waliokufa, bwana."

Meneja akavaa kofia yake, akaondoka.

Mikaeli alizika, akabaki kazini. Kabla mwezi haujaisha Grasiana alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Shida. Kambini watu walimwita Mikaeli Nguzo. Wanawake wakikutana na Grasiana kisimani walimwuliza, "Mama Shida, Nguzo hajambo? Bado kasimama?"

Mwaka ukazunguka. Siku mbili kabla ya tarehe ile, Mwinjuma akamletea Mikaeli nyundo.

"Safari hii chuma utapiga wewe. Meneja kasema apewe mtu anayejua kusimama."

Mikaeli akaipokea.

Alhamisi, saa tano, tumejaa uwanjani. Meneja akampa Mikaeli saa yake ya mkononi, akamwonyesha dakika mbili zinapoishia, akavua kofia, akafumba macho. Mikaeli akapiga mara moja. Tukanyamaza. Dakika mbili zikapita. Zikapita nyingine mbili. Meneja akafumbua macho. Jasho lilikuwa linamtiririka Mwinjuma mpaka kidevuni.

"Piga," akanong'ona, akasogea hatua moja. "Mikaeli, piga!"

Mikaeli akapaza sauti, na kwa hasira maneno yalimtoka kwa Kizigua. "Bwana meneja, nyapara ametikisika! Leo alale porini yeye na mkewe. Sheria ni yake mwenyewe, na kwa sheria hiyo ndugu yangu alikufa mimi nikimtazama!"

Meneja Kizigua hakukijua hata kidogo. Akamgeukia Mwinjuma. "Yeye nasema nini?"

"Anasema hataki kazi tena, bwana. Anasema vita vyenu havimhusu."

Wazigua tulikuwa wengi pale uwanjani. Tulisikia la Mikaeli na la Mwinjuma, yote mawili. Meneja akamnyang'anya Mikaeli saa yake, uso umemwiva.

"Toka. Leo. Na bibi yako."

Mwinjuma akachukua nyundo, akaangalia aliye karibu. Nilikuwa mimi.

"Wewe. Piga, watu warudi kazini."

Mikaeli hakuondoka mara moja. Alisimama ananitazama, anangoja niseme. Meneja naye alinitazama, nadhani aliona nina neno, maana aliuliza, "Nini?"

"Hakuna, bwana," nikasema, nikapiga chuma.