Shule ya Kulinganishia

Husna alisimama kabla sijawahi kumshika nguo. Tulikuwa tumeketi safu ya nyuma katika ukumbi wa hoteli moja pale Diani, bega kwa bega, na kule mbele Lewis, kijana wa utafiti, alikuwa bado anaelekeza kitaa chake chekundu ukutani. Ukutani palikuwa na mistari miwili, mmoja wa buluu, mmoja rangi ya chungwa, yote ikipanda pamoja, imegandana toka mwanzo hadi mwisho. Lewis alikuwa amekwisha kutueleza maana yake, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba. Mradi wa kufundisha kusoma haukuleta tofauti. Watoto wa shule zilizopewa na watoto wa shule zilizonyimwa walikuwa wamejua kusoma kwa kiwango kimoja. Kwa hivyo wafadhili hawangeendelea.

"Mimi nina neno," Husna akasema.

Nikamvuta baibui. Hakuketi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikasimulia ovyo. Husna ni wifi yangu, mke wa kaka yangu Swabir. Nyumba zetu Msambweni zimepakana. Jiko lake na langu yametengwa na ua wa makuti ambao mbuzi wameshautoboa, na hatuuzibi kwa sababu tundu lile ndilo mlango wetu. Alimaliza chuo cha ualimu zamani, akakaa akingojea kuajiriwa, akangojea, mpaka watu wakaacha kumwita mwalimu. Mradi ulipokuja kutafuta walimu wasaidizi wa kufundisha kusoma, walimchukua wakampeleka shule moja Gazi, kule kwenye mikoko. Siku aliyopata habari alipiga vigelegele peke yake uani, mtu mzima, mtandio umemwanguka mabegani. Nami nikampokea kwa vigelegele kutoka upande wangu.

Walimu wasaidizi walikuwa wameambiwa waziwazi. Utafiti ukionyesha kwamba njia ile inafaa, wasaidizi wote wataajiriwa na njia itapelekwa shule zote za Kwale. Usipoonyesha, basi, kila mtu atarudi alikotoka.

Mimi nafundisha gredi ya tatu, juu kule, mbali na bahari, kwa watu wa mbuzi na mahindi yanayokauka kabla hayajafika kiunoni. Shule zilipopigiwa kura, yetu iliangukia upande wa kunyimwa. Lewis mwenyewe ndiye aliyekuja kutueleza. Kijana wa kutoka Nairobi, mpole, aliyejifunza kuamkia watu hapahapa pwani na akawa anaamkia mpaka wadogo zake.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Sasa, nyinyi mtakuwa kontrol. Yaani shule ya kulinganishia. Hamtapata vitabu wala msaidizi, lakini tutakuwa tunakuja kila muhula kupima watoto."

"Marahaba. Mje muwapime watoto wangu, mkute hawajui kusoma, muandike, kisha muende zenu?"

Akatazama viatu vyake. "Ndiyo, mwalimu. Lazima tuwe na wa kulinganisha nao."

Wallahi nilimchukia siku ile, na kijana wa watu hakuwa na kosa. Ukitaka kujua kama dawa inaponya, sharti awepo mgonjwa asiyepewa. Hilo naelewa, sikusomea bure. Lakini mgonjwa wangu nilikuwa namjua jina. Alikuwa akiitwa Dama, binti wa wachungaji, aliketi karibu na dirisha na kitabu amekigeuza juu chini, akifuatisha midomo ya wenzake ili nisimgundue. Nilikuwa nimeshamgundua kitambo. Nilikuwa nikijifanya sioni kwa sababu darasa lilikuwa limefurika hadi mlangoni na sikuwa na la kumfanyia. Na Dama hakuwa peke yake.

Husna naye alikuwa amekanywa kwamba asimfundishe njia ile mtu wa shule nyingine. Alikubali, na alikubali kwa moyo safi. Ila mimi nilianza kuwa mtu wa shule nyingine tangu lini? Mimi ni wifi yake. Sisi huku mtu akipika maharagwe ya nazi hula na nani, na ukuta? Ramadhani nzima mabakuli hupita kwenye lile tundu, uji unakwenda, kaimati zinarudi, na hakuna anayejiona kuwa ametoa kitu. Jioni moja alikuja na bakuli lake akanikuta nakuna nazi kwa hasira, kana kwamba nazi ndiyo iliyonitukana.

"Una nini leo?"

Nikamweleza habari za Dama. Akachutama kando yangu, akachota mbaazi kwenye ungo, akazitandaza mkekani mafungu mafungu.

"Usiwapange kwa gredi," akasema. "Wapange kwa wanachokijua. Hawa hawajui herufi. Hawa wanajua herufi, silabi zinawashinda. Hawa wanasoma neno lakini hawalielewi. Kila saa ya kusoma, kila mtoto aende kwenye fungu lake, hata kama ni mkubwa anakaa na wadogo. Nawe piga magoti kwao, usisimame ubaoni."

"Watachekana."

"Watachekana siku mbili. Kisha watakuwa na kazi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, wala hakuna aliyenong'ona. Kila magharibi baada ya kufuturu alinionyesha kidogo, na baada ya Idi akaniachia mwongozo wake, kitabu cha jalada la manjano, nikae nao mpaka niuzoee.

Nikafanya alivyosema. Kweli walichekana, kisha wakaacha. Nikapiga magoti mpaka goti moja likawa linalia kila niinukapo. Dama nilimweka na wasiojua herufi, na kwa mara ya kwanza akaketi na watu ambao hakuhitaji kuwadanganya. Muhula ukaisha, mwingine ukaingia. Asubuhi moja niliandika ubaoni, "Mbuzi amekula kanga ya mama," na kabla sijamteua mtu yeyote nikasikia kicheko dirishani. Dama alikuwa anacheka peke yake, mkono mdomoni. Wengine walikuwa bado wanahangaika na neno la kwanza. Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki, nikalia.

Utanilaumu kwamba sikufunga mdomo baada ya hapo? Nilikwenda matangani kule Shimba, nikamkuta rafiki yangu Jumwa, tuliyesoma naye chuo, anayefundisha shule ya mbali zaidi kuliko yangu. Tukiwa tunamenya vitunguu nikampa yote, fungu kwa fungu. Jumwa akampa shemeji yake. Shemeji yake akampa nani, sijui. Walimu hukutana harusini, hukutana vilioni, hukutana kwenye mashindano ya michezo wakigombania kivuli. Jambo jema halikai mdomoni mwa mtu mmoja, hasa mtu mwenye watoto wasiosoma.

Na kila muhula Lewis alikuja na wenziwe, wakawaketisha watoto mmoja mmoja nje ya darasa, wakawasikiliza wakisoma, wakabonyeza vioo vya tableti zao. "Mwalimu, hawa wanaendelea poa sana!" alinambia. Nami nikavimba kichwa. Nikamwandalia mpaka madafu. Hakuna kati yetu, si mimi, si Husna, si Jumwa, aliyefikiri kwamba kila mtoto wetu aliyejua kusoma alikuwa anamtoa Husna kazini.

Sasa turudi ukumbini. Husna alisema kwa sauti ileile anayoitumia na watoto.

"Mistari hiyo imelingana kwa sababu watoto wote walifundishwa njia moja. Mimi nilimpa wifi yangu, huyu hapa. Nilikatazwa, nikampa. Wifi yangu akampa mwenziwe. Basi kosa ni langu, lakini njia haina kosa. Inafaa. Tafadhalini, msiiue kwa ajili yetu."

Kisha mbele kidogo mkono ukainuka, wa Jumwa. "Hata mimi," akasema. Ukainuka mwingine upande wa dirishani, na mwingine, walimu wa Kinango, walimu wa Lunga Lunga, watu ambao sikuwajua hata kwa sura. Nikainua wangu. Kwa muda ule mfupi niliamini tumeokoka. Niliona jinsi Lewis atakavyocheka, jinsi atakavyosema kumbe, kumbe ndiyo sababu, na mambo yakawa mambo.

Lewis alizima kitaa chake akaketi kwenye ukingo wa meza. Alionekana mgonjwa.

"Mwalimu Husna," akasema, "kama ni hivyo, basi hatuwezi tena kusema kwamba haifai. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba inafaa. Hatuwezi kusema lolote."

"Lakini watoto wanasoma."

"Najua. Nimewasikia mwenyewe. Siwezi tu kuonyesha wamesoma kwa sababu gani."

"Sababu si hiyo imesimama mbele yako na baibui!" nilipiga kelele. Watu wakageuka. Husna akaniwekea mkono begani, akaketi taratibu, akaanza kuikunja ratiba ya mkutano vipande vidogo vidogo. Kisha wakatuita tukale. Palikuwa na pilau, na samaki wa kupaka, na matunda yaliyochongwa maua. Husna aliomba maji.

Kule Gazi walikuja kuvifunga vitabu kwenye maboksi wakavichukua, pamoja na ule mwongozo wa manjano niliokuwa nimekwisha kumrudishia Husna, maana vilikuwa mali ya mradi. Wasaidizi wakarudishwa majumbani. Husna alikaa miezi uani, kisha akapata kazi Galu, hotelini, kutandika vitanda vya wageni. Huondoka alfajiri na sare ya kijivu. Swabir anasema afadhali kuliko kukaa. Mimi hajawahi kunilaumu hata siku moja, na ningependa anilaumu, tugombane, nimjibu, yaishe. Watu wameacha tena kumwita mwalimu.

Mimi naendelea na mafungu yangu ninavyoweza, peke yangu, na darasa limezidi kujaa, na goti limekataa. Fungu la wasiojua herufi ndilo kubwa kuliko yote. Mchana mwingine nasimama tu ubaoni kama zamani, nao wanaitikia pamoja, na najua vizuri ni wangapi wanafuatisha midomo.

Mwaka huu umekuja mradi mwingine. Safari hii ni hesabu. Kura imepigwa, na shule yetu, baada ya yote hayo, imeangukia upande wa kupewa. Msaidizi niliyeletewa anaitwa Twaiba, binti wa watu, amemaliza chuo na amekuwa akingojea kuajiriwa muda kama ule aliongojea Husna. Ameahidiwa maneno yaleyale. Siku ya kwanza alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mwalimu, niombee dua."

Jumamosi iliyopita Jumwa alibisha hodi. Safari yote ile, na jua lile. Nikamkaribisha, nikampikia chai, nikatoa mahamri ya asubuhi. Tukaulizana hali, watoto, wazee, mvua. Alikuwa na haya ya kulisema jambo lililomleta, akalizunguka sana.

"Shule yetu imeangukia kulinganishia," akasema mwishowe. "Wangu hata kutoa hawajui, Mwanasha. Gredi ya tatu, wanahesabu kwa vidole vya miguu." Akacheka kidogo. "Nyinyi mmepewa. Wanawafundisha vipi?"

Mwongozo wa hesabu ulikuwa kabatini, nyuma ya kiti alichokalia.

"Hakuna jipya," nikamwambia. "Ni mambo yaleyale tu ya siku zote."

Alinitazama, na nikajua kwamba amejua. Alimaliza chai yake yote, akakisukuma kikombe katikati ya meza, akanishukuru kwa mahamri.