Tundu la Fuko kwenye Mfereji Mkuu

"Watu wa juu ya mfereji wametuibia maji tena," alisema Hikiwiji, na rungu keshalishika.

Wipismeli alikuwa amepiga magoti ndani ya mfereji, kiganja kimelala juu ya tope. Jana maji yalimfika magotini. Asubuhi hii hayakumlowesha hata kifundo. Mashambani mahindi yalikuwa yametoa ndevu, majani yameanza kujikunja. Siku mbili kavu, na magunzi yangebaki bila punje.

"Ya kuibiwa hukatika ghafla," alisema hatimaye. "Haya yamepungua polepole. Tazama michirizi ukingoni, mmoja chini ya mwingine."

"Shangazi, miaka thelathini unazoa tope. Leo limeanza kukusimulia hadithi?"

Vijana wakacheka. Wipismeli naye akacheka, akajitwisha kikapu. "Nipeni mpaka jua lifike utosini. Nikikosa kitu, nendeni mkapasuane vichwa na watu wa juu."

Akaondoka na Komali, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Komali alikuwa mwanamke wa mwili, na kila hatua mia alikuwa na lalamiko jipya.

"Kaka yangu aliniambia anaoa mwanamke. Kumbe kaoa mtaro!"

"Na mtaro ukakulisha, wifi. Tembea."

Wipismeli alitembea ndani ya mfereji, akipapasa kingo kwa mikono. Hakupita penye ufa bila kuuziba. Walipovuka kundi la mimea mirefu ya dungusi yenye miiba, alisimama. Nje ya tuta, mahali ambapo hakuna mmea uliokuwa na haki ya kuota, nyasi mbichi zilikuwa zimejaa, na kwale wanaoga dimbwini kama wako nyumbani kwao.

"Fuko," alinong'ona.

Chini ya ukingo maji yalizunguka, yakimezwa na tundu pana kama mdomo wa chungu. Walimwaga udongo, likaumeza. Wakaongeza matawi, likayameza. Tuta lenyewe lilianza kumeguka. Likibomoka, mto wote ungemwagikia jangwani.

"Kaa," Wipismeli alisema.

"Nikae wapi?"

"Hapo tunduni. Hayo makalio hukupewa bure."

Komali alimtazama, akatazama tundu, akainua sketi yake ya pamba, akaketi. Kishindo cha maji kikakatika papo hapo.

"Yamekatika?"

"Yamekatika! Usicheke, utatikisika."

Ndipo watu wa juu walipotokea, wameongozwa na Bani, mlinzi wa lango la mtoni. Walikuwa wamesikia kwamba wanaitwa wezi. Upande wa pili akaja Hikiwiji na wenzake, waliochoka kungoja. Wote walikuwa na marungu. Wakakutana juu ya tuta, wakatazama chini, wakamwona mama mzima ameketi majini, mashavu yamemwiva.

"Mnashangaa nini?" Komali alifoka. "Leteni udongo! Huyu fuko ananing'ata!"

Bani ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Kisha Hikiwiji, bila kutaka. Punde vikapu vikawa vinapita mkono kwa mkono, wa juu na wa chini mstari mmoja, na marungu yakashindilia udongo tunduni kutoka upande wa nje wa tuta huku Wipismeli akiwakemea: "Taratibu! Hiki ni kidonda, hamtwangi mahindi!"

Komali aliponyanyuliwa, vijana sita walimvuta. Tuta halikuvuja.

"Shangazi," Hikiwiji alisema, akitazama miguu yake, "ile michirizi... utanionyesha?"

"Kesho. Njoo na kikapu."

Wengine wakaketi kula vibumba vya unga wa maganda matamu ya miti ya jangwani, vilivyoletwa na watu wa Bani. Wipismeli hakungoja. Aliteremka mferejini, peku, akatangulia mbele ya maji kuelekea mashambani. Yalimfuata kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ulimi mmoja wa kahawia wenye povu, ukisukuma majani makavu na mende mmoja mweusi aliyekataa kuzama. Yakamgusa kisigino. Akapiga hatua, yakamgusa tena.