Dakika Nne Bila Tafsiri

Kazi yangu ni kupiga domo. Nina banda la video mtaa wa Kwa Mrombo, na kwa miaka kumi na mmoja watu wamekuja kunisikia mimi, Yona, nikitafsiri filamu za nje, nimekaa kando ya skrini na maikrofoni mkononi. Mtu akivunjwa mbavu kwenye filamu, namsemea kwamba kesho kazini haendi, na banda zima linacheka. Kwangu ukimya ulikuwa ubovu wa mashine.

Elinipa alinijia Jumatano na filamu yake kwenye flashi. Ni binti wa majirani zetu kule mlimani nilikozaliwa. Aliipiga kwa simu, kwa Kimeru, waigizaji wakiwa wanakwaya wenzake. Ilikuwa habari ya dada yake, Elirehema, mke wa Abdiel, fundi magari wa mtaa wa Sakina. Tangu Mei Elirehema alikuwa amerudi kwa mama yake, jicho moja halioni vizuri. Jumapili familia mbili zingekaa kuamua kama arudi kwa mumewe. Upande wa Abdiel, watu wa Kilimanjaro, walikuwa wanasema ni ugomvi mdogo wa nyumbani. Elinipa aliwaomba waje kwanza kuangalia filamu, wakakubali. Kimeru hawakijui, ndiyo maana alinihitaji.

Tuliiangalia wawili. Katikati kuna dakika nne ambazo mume anampiga mkewe kwa mkanda, halafu anafunga mlango wa chumbani na kumlazimisha kitandani. Kamera inabaki usoni kwa mwanamke. Hakuna anayesema neno.

“Dada, hii ni aibu,” nikamwambia. “Onyesha mlango unafungwa tu. Watu wataelewa.”

“Kaka Yona, mlango umefungwa miaka sita. Wote waliuona umefungwa na hakuna aliyeelewa.” Akachomoa flashi, akanipa. “Kwingine kote tafsiri unavyojua. Hapo nakuomba unyamaze.”

Nikaahidi. Niliahidi kwa mdomo huu huu.

Jumamosi saa nane mchana walifika baba wakubwa wawili wa Abdiel, pamoja na mzee wa kanisa lao. Niliwaamkia, nikawapa viti vya mbele. Elirehema na mama yake walikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wateja wangu wa kila Jumamosi nao wakaanza kuingia kwa mazoea. Nilitaka kuwarudisha, Elinipa akakataa.

“Waache. Hawa nao ni waume za watu.”

Nusu saa ya kwanza nilitafsiri vizuri, nasema bila kujisifu. Pale mke anapowafundisha watoto kulala na viatu miguuni, ili wawe tayari kukimbia, mkubwa wa wale baba wakubwa, mzee Richard, alisema taratibu, “Huyu mama anateseka.” Nilimwona Elinipa amefumba macho, anaomba.

Kisha zikaja dakika nne. Mkanda ulisikika vizuri mno kwenye spika zangu. Hakuna aliyekohoa. Mzee Richard aliinamisha kichwa, kofia ameibana katikati ya magoti, akajifuta uso kwa kiganja. Leo najua kilichokuwa kinatokea. Ilikuwa inamwingia. Lakini siku ile mimi niliona banda limekufa mikononi mwangu, na nilikuwa naogopa ule uso kwenye skrini kuliko nilivyowahi kuogopa kitu.

Sauti ikatoka katikati. “Yona, umelala? Tafsiri.”

Hapakuwa na cha kutafsiri. “Bondia ameingia ulingoni,” nikasema. “Raundi ya kwanza.”

Mmoja akacheka, wakafuata wengine. Mlango ulipofungwa nikasema raundi ya pili haihitaji refa. Banda likavunjika mbavu. Mzee Richard akainua kichwa na yeye anacheka, macho bado yana maji, anacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kule nyuma Elirehema alivuta kanga akajifunika kichwa chote. Mama yake, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, alikuwa anamuuliza binti yake watu wanacheka nini.

Elinipa hakunitukana. Alisubiri filamu iishe, akaja kuchukua flashi yake. “Uliniahidi, kaka,” akasema, akaondoka.

Jumapili mzee Richard aliwaambia wakwe zake kwamba picha wameiona, ni vichekesho vya vijana, na ndoa zote zina mambo yake. Jumanne Elirehema alirudishwa Sakina kwa mumewe.

Watu huniuliza kama picha chafu na za kupigana zina faida yoyote. Zamani ningejibu. Siwezi hata kusema filamu ya Elinipa ilishindwa, kwa sababu haikuonyeshwa. Walichoonyeshwa ni woga wangu. Nimempigia simu mara nyingi, hapokei. Wateja bado wananiomba niwawekee ile ya Bondia.

Januari, jua linachoma, nilikutana na Elirehema sokoni Kwa Mrombo ananunua ndizi. Alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu, amelifunga mpaka shingoni.

“Shikamoo, kaka Yona.”

“Marahaba. Hamjambo nyumbani?”

“Hatujambo.” Alihamisha kikapu mkono wa pili, polepole. “Bondia anakusalimu. Siku hizi hata wenzake gereji wanamwita hivyo. Amelipenda hilo jina.”