Msamaha wa Hatua ya Nane

Shemeji yangu alikwenda semina fupi ya uandishi wa filamu, akarudi hajui hata kusalimia. Ukimwambia habari za asubuhi, anakuuliza mgogoro uko wapi. Alinunua ubao mweupe mpana kuliko mlango, ikabidi uingizwe ofisini kupitia dirisha, na juu yake akaandika kwa wino mwekundu: HATUA TISA ZA FILAMU YA MAPENZI NA MAPAMBANO. Mimi ndiye mhariri wake, yaani yule mtu anayekaa chumba cha nyuma chenye pazia jeusi, anaunganisha vipande vya picha mpaka vifanane na hadithi. Kwa hiyo ubao ule ulitundikwa kwangu, mbele ya pua yangu, nisije nikapata kisingizio.

Nikuelezee filamu yenyewe, maana bila hivyo utadhani namwonea. Shemeji aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, na nafasi ya shujaa akajipa mwenyewe. Shujaa anaitwa Kamanda. Picha zilipoanza kupigwa aliagiza aitwe Kamanda hata wakati wa chakula, na mpaka leo jina limemganda. Huyo Kamanda ni komando mstaafu anayeuza maua. Mpenzi wake ni daktari, na daktari ni mdogo wangu wa tumbo moja, mpenzi wa Kamanda ndani ya filamu na mke wake nje yake.

Hatua ya kwanza, wanakutana: daktari anaangusha mafaili, Kamanda anamwokotea, wanagongana vichwa. Hatua ya pili, wanapendana, jambo tunalolijua kwa sababu wanacheka bila sauti bustanini kwa muda mrefu kuliko afya ya mtu inavyoruhusu. Hatua ya tatu, hatari inaingia, nayo imevaa miwani ya jua, ndani ya nyumba, usiku. Baada ya hapo daktari anatekwa. Anaokolewa, anatekwa tena, anaokolewa, halafu anatekwa mara ya tatu, katika ghala lile lile, na watu wale wale. Hata polisi wangemuuliza, dada, kwani wewe kwenu hakuna mlango?

"Kamanda," nilimwambia siku moja, "huyu daktari hana kazi? Hatujamwona na mgonjwa hata mmoja."

"Yupo kwa ajili ya hisia, shemeji."

"Hisia za nani?"

"Za Kamanda."

Alisema hivyo bila kucheka, kisha akaenda kujiangalia kwenye kioo cha choo. Nikarudi kwenye kompyuta yangu. Maneno ya mdogo wangu katika filamu nzima yalikuwa "Kamanda!", "Nyuma yako!" na "Usiende!" Alijitahidi, maskini, akayasema kwa sauti mbalimbali, na "Nyuma yako!" moja aliisema vizuri mpaka mimi mwenyewe niligeuka.

Hatua ya sita, daktari anagundua kwamba muuza maua alikuwa anamdanganya. Hatua ya saba, ghala linawaka moto, daktari hataki kuondoka naye, Kamanda anamkamata mkono na kumburuta mpaka nje kwa faida yake mwenyewe. Hatua ya nane, Kamanda anaomba msamaha mvuani, naye anasamehewa. Hatua ya tisa, wanakumbatiana huku gari linalipuka nyuma yao, na hakuna anayegeuka kuuliza gari ni la nani.

Ya tisa walitangulia kuipiga, maana gari bovu lilikuwa limeshapatikana. Ya nane ikaachwa iwe ya mwisho. Basi siku moja kabla ya kuipiga, mdogo wangu alifunga begi akahamia kwa Mama. Tulipomuuliza, alisema neno moja tu: "Tumechokana."

Mama alimpokea kwa chai na lawama. Mama alimpenda yule mkwe kupita kiasi. Mkwe naye alikuwa anampigia simu kila Jumapili, anamuuliza presha, anamchekesha. "Mume hapigi, halewi, halali nje," Mama alisema, akimsukumia binti yake kikombe. "Unataka nini tena, malaika?" Mdogo wangu alikunywa chai yake, akaosha kikombe, akaenda kulala.

Kamanda naye alikuja chumbani kwangu, akafunga pazia nyuma yake kama jasusi.

"Shemeji, nataka unitengenezee msamaha."

"Nikutengenezee nini?"

"Mke wangu hayupo, lakini uso wake upo. Una masaa na masaa ya uso wake humo. Nitafutie pale anapokubali."

"Na kama hakukubali?"

Akagonga ubao kwa kidole, pale kwenye namba nane. "Muundo unataka akubali. Watazamaji wameteseka muda wote huo, ni lazima moyo wao utulizwe. Bila hatua ya nane, hii ya tisa ni ajali ya barabarani tu."

Hapo, nakiri, alisema kweli. Na mimi kazi yangu naipenda, hata ikiwa ya kipuuzi. Kuna jambo wahariri wote wanalijua: picha nzuri za mwigizaji hupatikana kabla mwongozaji hajasema "Haya!" na baada ya kusema "Kata!" Katikati hapo mtu anaigiza. Mwanzoni na mwishoni ana uso wake wa kawaida. Mpiga picha wetu alikuwa mzito wa kidole, akichelewa kuzima kamera kila mara, kwa hiyo mikia ya namna hiyo nilikuwa nayo tele. Nikaanza kuipitia, sauti nimezima ili niende haraka.

Nikampata mwishoni mwa hatua ya saba, baada ya kuburutwa kutoka motoni, na gauni lile lile ambalo angelivaa mvuani. Picha ilimchukua kuanzia shingoni kwenda juu. Anatazama chini. Anainua macho, yana maji kwa sababu ya moshi, anamwangalia mtu aliye pembeni ya kamera. Anasita. Kisha anatikisa kichwa taratibu kukubali.

Ilikuwa "ndiyo" safi kabisa, sijawahi kuona "ndiyo" kama ile. Nikaipachika baada ya maneno ya Kamanda, aliyopigwa picha akiyasema peke yake mvuani, "Nisamehe, yote nilifanya kwa kukupenda," nikaongeza fidla chini yake, na Kamanda alipoiona alilia mpaka akaomba kitambaa. Papo hapo akamleta Mama aione. Mama naye akalia.

"Si unaona?" Mama aliniambia, akifuta miwani. "Bado anampenda. Uso haudanganyi."

Wakapanga, wawili wao, mbele yangu: siku ya uzinduzi mdogo wangu angekaa mstari wa mbele, na filamu ikiisha Kamanda angemchukua mkewe wakaenda nyumbani. Nilijiambia kwamba pengine ni kweli wamechokana tu, na watu waliochokana hupumzika wakarudiana.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu aliingia chumbani kwangu akiwa bado na mkoba begani.

"Dada, nionyeshe huyo aliyesamehe. Mama ananihubiria tangu jana."

Nikamwonyesha. Alitazama mara moja, akaniambia nirudishe, akatazama tena.

"Sauti yake iko wapi?"

Sikuwa nimeisikiliza. Nikaondoa fidla, nikafungua sauti ya asili, ile iliyonaswa na kipaza sauti kidogo kilichofichwa ndani ya gauni lake. Kwanza ikaja sauti ya Kamanda kwa mbali: "Kata! Safi sana!" Kisha nyayo. Kisha sauti ya chini ya dada wa mekapu, karibu kabisa: "Na hapa juu ya mkono nifunike? Panaonekana."

Na mdogo wangu akatikisa kichwa kukubali.

Dada wa mekapu kazi yake ilikuwa kuchora majeraha. Alikuwa na wino wa damu, unga wa bluu, na sponji za kila namna, na wale majambazi walitoka kwenye kiti chake wamevilia usoni mpaka unawaonea huruma. Mdogo wangu peke yake ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kile kiti afunikwe majeraha yake.

"Ule mvutano wa ghalani alikuwa anaurudia na kuurudia," mdogo wangu alisema. "Anasema sijaonyesha uchungu. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Akikasirika anashika, na akishashika haachii. Halafu anasema ni kwa sababu ananipenda."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani, Mama? Anayesema mume wangu hapigi? Ni kweli hapigi, dada. Anashika."

Nilikasirika. Nilitaka kumtafuta yule mwanamume nimvishe ule ubao shingoni, na hatua zake zote tisa. Nikamwambia mdogo wangu kwamba nitaiacha sauti ile ndani ya filamu, ukumbi mzima usikie.

"Sitaki," alisema. "Sitaki watu wanihurumie huku wanatafuna bisi. Wewe toa tu ile ndiyo. Ni yangu, na sikumpa yeye."

"Filamu itaharibika."

"Kwani ilikuwa nzima?"

Nikaitoa. Nikatoa na kumbatio la hatua ya tisa, maana nalo lilikuwa halina tena sababu. Nakala ya mwisho niliipeleka ukumbini mwenyewe, asubuhi ya siku ya uzinduzi, Kamanda akiwa kwa kinyozi.

Ukumbi ulijaa. Kamanda alikuja na koti la kijeshi lenye nishani alizojinunulia. Mdogo wangu alikaa mstari wa mbele, gauni la mikono mirefu, Mama kushoto kwake na mimi kulia. Watu walicheka pale walipotakiwa kushtuka, na utekaji wa tatu ulipigiwa makofi. Kisha hatua ya nane ikafika. Kamanda amesimama kwenye mvua iliyotoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani, na ukiangalia kwa makini unauona mpira. "Nisamehe," anasema, "yote nilifanya kwa kukupenda." Kamera inabaki kwake. Anasubiri. Maji yanamwingia puani. Anapangusa, anasubiri tena.

"Hajajibiwa huyo!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Gari likalipuka, majina yakaanza kupanda, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Taa ziliwaka Kamanda akiwa tayari jukwaani na kipaza sauti. Alinitupia jicho ambalo, lingekuwa na risasi, nisingekuwa hapa nasimulia. Lakini yule mtu hakosi la kusema. "Ndugu watazamaji, hapo palikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi," alisema. "Lakini msamaha wa kweli hauhitaji filamu. Mke wangu yuko hapa!"

Akashuka, akapiga goti mbele ya mdogo wangu. Watu wakainuka, simu zikainuka. "Mke wangu," alisema kwa sauti ya hatua ya nane, "mbele ya watu hawa wote, rudi nyumbani." Kwa mkono mmoja akamsogezea kipaza sauti mdomoni, kwa mkono wa pili akamshika juu ya kiwiko. Kwa aliyekaa nyuma, lazima lilikuwa tendo la mapenzi. Wakaanza kupiga makofi kwa mpigo: "Sema ndiyo! Sema ndiyo!" Mama naye alikuwa anapiga. Mimi nilikuwa karibu, niliona vidole vikizama kwenye kitambaa.

"Niachie mkono," mdogo wangu alisema.

Spika zikayapeleka maneno hayo ukumbi mzima. Makofi yakapungua, ingawa wengine waliokuwa nyuma walidhani ni utani wakaendelea. Kamanda alizigeukia simu akitabasamu. "Ana hasira kidogo. Si mnawajua wanawake." Mkono wake ulikuwa pale pale.

"Niachie mkono."

Mara hii hakuna aliyepiga makofi. Mama alikuwa na viganja vyake viwili vimekutana hewani. Akatazama chini, akaviona vile vidole vilivyomshika binti yake, akavitazama kwa muda. Sura yake ilibadilika, nikajua ameelewa kila kitu bila kuambiwa. Akaweka pochi yake kwenye kiti, akainama, akaanza kuvibandua kimoja kimoja, akianza na dole gumba.

"Mama yangu mzazi," Kamanda alisema, akisahau kwamba kipaza sauti bado kinafanya kazi, "sisi tunazungumza tu."

"Mimi ni mzazi wa huyu hapa," Mama alisema. "Mwachie."

Akamwachia. Alibaki amepiga goti, maana hakuna aliyemwambia ainuke, na kwenye ubao wake hapakuwa na hatua ya namna hiyo. Tukapita katikati ya viti sisi watatu, watu wakivuta miguu kutupisha.

Nje jua lilikuwa kali. Mama alisimama kando ya barabara, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Mdogo wangu aliangalia magari yakipita. Hakumjibu pale pale, na safari hii hakuna aliyemharakisha.