Jina la Ndani

Fundi wa majokofu na mkewe walikuwa waongeaji tangu enzi za uchumba. Kisha mtoto akazaliwa, mke akarudi kwenye zamu zake za uuguzi, na mazungumzo yakabaki ya gesi, nepi na nani atampitia mtoto. Hawakugombana. Hilo ndilo lililomchosha fundi: hapakuwa na kosa la kushika. "Pole na kazi." "Ahsante, chakula kipo." Siku imekwisha.

Binti yao mdogo alipenda kuwaamrisha watu wazima, mikono kiunoni, hata wakamwita Shangazi. Lilikuwa jina la ndani. Nje ya mlango wao hakuna aliyelijua.

Mwoka keki wa mtaa wa pili alimwita fundi atengeneze jokofu la dukani. Alikuwa mwanamke mchangamfu, ameachika, na akikuuliza jambo alisubiri jibu. Fundi akajikuta anasimulia jinsi Shangazi alivyomgombeza daktari wa meno. Mwoka keki alicheka mpaka akashika meza. Jokofu lilipona, lakini fundi hakuacha kwenda. Haikupita muda wakawa wanakutana mchana kwenye chumba cha nyuma, komeo limetiwa, mashine ya kukandia unga ikinguruma upande wa pili. Fundi alijiambia kwamba nyumbani hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Jumamosi moja mkewe aliingia duka lile na binti yao kuagiza keki yake ya kuzaliwa. Mwenye duka alijifuta pua kwa kiganja. Mtoto akaweka mikono kiunoni.

"Wewe! Kanawe kwanza!"

Mwoka keki akaangua kicheko. "Kumbe ndiye Shangazi mwenyewe!"

Kisha akashtuka, uso umemshuka. Mke alimshika mwanawe mkono, wakatoka bila kuagiza kitu.

Fundi aliporudi alimkuta mkewe peke yake jikoni. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa mama yake mdogo.

"Yule mama wa keki anamjuaje Shangazi?"

"Si nilimtengenezea friji? Labda nilimtajia."

"Baba, mtu aliyetajiwa tu hashtuki vile."

Fundi alivuta kiti, akakaa. "Ni kweli," alisema. Akangoja makelele. Hayakuja.

"Ulimsimulia nini kingine?"

"Mambo madogo tu. Ya daktari wa meno. Alivyovipanga viatu foleni, akavikagua kimoja kimoja."

"Viatu gani?"

Hapo fundi akakosa pa kuuweka uso. Kisa cha viatu kilitokea mkewe akiwa zamu, naye hakuwahi kumweleza.

"Mimi nikirudi nakuuliza mmeshindaje, unaniambia salama tu. Ya kitandani labda ningeyameza siku moja. Lakini mwanangu, mwanangu mwenyewe, unakwenda kumhadithia mwingine?"

Wiki ile ile fundi alimweleza mwoka keki kwamba yamekwisha. "Nami nilidhani unanisimulia kwa sababu ni mimi," alijibu yule mwanamke, akaendelea kupangusa meza.

Nyumbani fundi alijitahidi. Mezani alisimulia kila kitu, kikubwa na kidogo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa wodini, kisha akaondoa sahani. Alilala chumbani kwa mtoto. Miezi ikapita hivyo, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kwa adabu, mpaka mke akaomba uhamisho wa kazi, akaupata.

Siku mkewe na binti yao walipohama, fundi mwenyewe ndiye aliyekifungua kitanda cha mtoto kwa bisibisi.

"Zile parafujo zitie kwenye mfuko wa nailoni, zisije zikapotea," mkewe alimwambia kwa upole.

Akazitia, akaufunga mfuko fundo, akampa. Gari lilipoondoka alirudi kukaa sakafuni katika chumba kile kitupu. Jirani alipogonga kumuuliza kama anahitaji msaada wowote, alimjibu, "Salama tu."