Ukuta Utaishia Ghala la Barafu

Mimi sina breki mdomoni, mtaa mzima unajua. Bahari ilipokula jiko langu sikulia. Niliacha cherehani nikapita nyumba kwa nyumba kudai mchango wa ukuta wa mawe. Halmashauri ilisema itatoa nusu, nusu tutoe wakazi wenyewe, ila kwanza tupige kura. Wa kwanza kutoa alikuwa mdogo wangu, mwoka mikate. Si kwamba alitaka. Nilimkalia kooni mpaka akatoa.

"Chukua, dada," alisema, "uyapumzishe masikio yangu."

Siku ya kura tulijaa darasani, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mhandisi alibandika mchoro ubaoni. Ukuta ulianzia gatini, ukapita nyuma ya nyumba yangu, ukaishia ghala la barafu. Nilikuwa nachekelea, meno yote nje. Ndipo mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Na sisi tulio baada ya ghala?"

Mhandisi akakohoa. "Niseme ukweli. Mchanga unaokuja kwenu unapitia huku. Ukuta utauzuia, na ufukwe wenu utaliwa haraka zaidi."

Loo! Nyumba za baada ya ghala ni chache, na ya kwanza ni yake: vyumba viwili na tanuri alilojenga kwa mikono yake baada ya mumewe kumkimbia.

"Basi urefusheni!" nilifoka, nimeshasimama. "Kwani mawe yameisha duniani?"

"Fedha zinafika hapo tu, mama. Mkikataa leo, zinakwenda mji mwingine."

Mwenyekiti wetu, muuza dawa asiyependa kelele, akagonga meza. Wanaokubali waende dirishani, wanaokataa mlangoni. Jamani, madawati yalivyokwaruza sakafu! Mume wangu alikwenda dirishani moja kwa moja. Mdogo wangu alikwenda mlangoni pamoja na majirani zake, na wale mabahili wa mlimani wasiotaka kutoa hata senti. Mwenyekiti akahesabu, akahesabu tena. Pande zote sawa, na mimi bado nimesimama pale pale kwenye dawati langu.

"Fundi, umebaki wewe."

Mume wangu alinitolea macho, na nilijua anachosema: baada ya jiko kinafuata chumba cha watoto, na mawimbi yameshaanza kukigonga wakiwa wamelala. Mdogo wangu hakunitazama. Alitazama viatu vyake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya utotoni mtu akimwonea, maana alijua dada yake yuko njiani.

"Dada," alisema. Basi, hilo tu.

Nikaenda dirishani.

Watu walipiga makofi. Kuna aliyenipongeza kwa kunipiga begani, nikautupa mkono wake, nilitamani kumtukana. Nilipogeuka kutazama mlangoni, mdogo wangu alikuwa ameshaondoka.

Tangu ajenge lile tanuri, kila asubuhi alikuwa akiniletea mikate, na sikuwahi kuilipia. Kesho yake mikate haikuja. Nikajiambia amenuna, nitamfuata, tutagombana mpaka sauti zitukauke, tutalia, yataisha. Ugomvi nauweza. Nikajitanda khanga nikaenda.

Nilimkuta anapanga mikate kwenye kabati la kioo, mikono imejaa unga. Bahari ilikuwa inasikika nyuma ya nyumba yake, karibu kuliko nilivyokumbuka. Nilijiandaa kwa matusi.

"Karibu," alisema.

"Nisikilize," nikaanza, maneno yakinitoka mbio. "Nitamfuata yule mhandisi hata nyumbani kwake. Na ikishindikana mtahamia kwangu, wewe na wanao, tutabanana. Nina watoto, mdogo wangu. Ningefanyaje? Nitukane basi!"

"Mikate mingapi?"

"Ala! Nimekuja kununua mikate mimi?"

"Mingapi, mama?"

Mama. Hivyo ndivyo anavyomwita kila mteja anayepita njia.

"Miwili," nilisema.

Akaifunga kwenye gazeti, akanyoosha mkono. Nikampa pesa. Akanirudishia chenji yangu yote, kisha akamkaribisha aliyesimama nyuma yangu.